KTM Mikononi mwa Bajaj: Pikipiki Zijazo Zitaamuliwa na Nini?

Tangu mwisho wa 2024, mwenye pikipiki ya KTM amekuwa akisoma habari za mahakama kwa makini kuliko matokeo ya mashindano. Tarehe 29 Novemba mwaka huo kampuni hiyo ya Austria ilifungua shauri la ufilisi katika mahakama ya Ried im Innkreis, ikielemewa na madeni ya zaidi ya euro bilioni 2. Februari 2025 wadai wake walikubali kulipwa asilimia 30 tu ya walichokuwa wakidai. Fedha za kuwalipa zikatoka Pune, India, kwa Bajaj Auto, ambayo Mei 2025 ilitangaza msaada wa jumla ya euro milioni 800. Ilipofika Novemba, Bajaj ilikuwa imeshika hatamu, na kampuni mama iliyoitwa Pierer Mobility ikapewa jina jipya, Bajaj Mobility.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki habari hii haiko mbali hata kidogo. Bajaj ndio watengenezaji wa Boxer, pikipiki iliyobeba biashara ya bodaboda kuanzia Kampala mpaka Mbeya, na wa bajaji za magurudumu matatu zinazokatiza mitaa ya Dar es Salaam. Katika faida iliyoiokoa KTM limo jasho la kijana anayelipa hesabu ya bosi kila jioni. Tena kuna jambo ambalo wengi hawajalitazama: mshindani wa Boxer kwenye vijiwe vyetu, TVS, naye alilinunua jina la Kiingereza la Norton Aprili 2020. Makampuni mawili ya India yaliyoneemeka kwa kuuza pikipiki za kazi sasa yanamiliki majina mawili ya Ulaya ambayo wapenzi wa pikipiki walikuwa wakiyatamka kwa heshima.

Ndiyo maana ubashiri umekuwa mwingi. Wapo wanaosema kila KTM itakuwa ya India na ubora utashuka. Wapo wanaoamini pikipiki kubwa za cc 1300 zitaachwa, kwa sababu Bajaj haijawahi kuuza kitu cha ukubwa huo kwa jina lake. Wengine wanaomboleza mashindano kabla hayajafutwa. Na wapo wanaofurahi, wakitarajia Adventure yenye nguvu kwa bei ya mtu wa kawaida. Karibu wote wanaanzia mahali pamoja: kwa jina la mkubwa mpya na nchi anakotoka. Naona hapo ndipo wanapopotea.

Mkurugenzi Mtendaji aliyeshika usukani Januari 2025, Gottfried Neumeister, hakulelewa na pikipiki. Alitokea kwenye biashara ya ndege na kwenye DO & CO, kampuni ya Austria inayopika vyakula vya abiria wa angani. Waliozoea kumwona Stefan Pierer, aliyeiongoza KTM kwa zaidi ya miaka 30, waliuliza mtu wa vyakula vya ndege atajua nini kuhusu enduro, yaani pikipiki za vumbi. Swali hilo lina uzito wake, lakini halisaidii kubashiri aina za pikipiki zitakazotoka, na sababu ni ya kiufundi. Pikipiki yenye injini mpya huchukua miaka minne au mitano tangu mchoro wa kwanza mpaka dukani. Injini isanifiwe, ijaribiwe, ipimwe moshi kwa viwango vya Ulaya, watengeneza vipuri wafunge mikataba, kiwanda kipangwe upya. Kwa hiyo mkubwa mpya anayezindua pikipiki katika mwaka wake wa kwanza au wa pili anazindua mtoto wa mtangulizi wake.

Ushahidi uko Marekani, kwa Harley-Davidson. Februari 2020 Matt Levatich aliondoka, akaja Jochen Zeitz, Mjerumani aliyeinyanyua Puma, na ambaye watu wa Laikipia nchini Kenya wanamfahamu kwa hifadhi yake ya wanyama ya Segera. Mwaka 2021 ikatoka Pan America, pikipiki ya Harley ya safari ndefu za lami na vumbi, na sifa zikamwangukia Zeitz. Lakini pikipiki hiyo ilikuwa imetangazwa Julai 2018, Levatich akiwa madarakani. Alama ya Zeitz mwenyewe ilionekana kwenye kilichotoweka: pikipiki ya mjini ya cc 975 iliyotangazwa pamoja na Pan America, ikaja kuitwa Bronx, haikufika dukani. Sasa Zeitz naye ameondoka, na Oktoba 2025 Artie Starrs amekuja kutoka Topgolf. Pikipiki ndogo ya bei nafuu iitwayo Sprint, ambayo bila shaka itaandikwa kwenye hesabu zake, ilitajwa na kampuni Julai 2025 kabla hajaingia ofisini.

Kabla yao alikuwepo Keith Wandell, aliyefika Harley Mei 2009 akitokea kwenye vipuri vya magari. Oktoba mwaka huohuo alitangaza kuifunga Buell na kuiuza MV Agusta, ambayo Harley ilikuwa imeinunua mwaka mmoja tu nyuma. Waliomsoma kwa maneno yake walishtuka. Waliojua hesabu za kampuni hawakushangaa.

Hapa ndipo ninaposimama katika suala zima: katika miaka ya mwanzo, uongozi mpya husomeka kwa unavyovikata. Kutangaza pikipiki mpya ni rahisi, na mara nyingi kazi ilishafanywa na wengine. Kukata kunauma, kunagharimu, kunaleta lawama za wafanyakazi na wateja, na kwa hiyo kunasema kweli juu ya kinachothaminiwa.

Tukiitazama KTM kwa jicho hilo, tuanze na kilichokuwepo cha kukatwa, maana kilikuwa kingi. Kampuni ilianza kama karakana ya Hans Trunkenpolz mjini Mattighofen mwaka 1934, ikaanza kutengeneza pikipiki miaka ya 1950, ikafilisika mara ya kwanza mwaka 1991. Pierer aliichukua 1992 ikiwa ndogo, na kwa miaka mingi uamuzi wake mkubwa ulikuwa wa busara: ashike pikipiki za vumbi na mashindano, aache kugombana na Wajapani kwenye kila kitu. Kuanzia 2001 hadi 2019 KTM ilishinda kila Dakar Rally iliyofanyika, mara 18 mfululizo. Sidhani kuna tangazo la biashara ambalo lingeweza kuijengea jina lile kwa mwanaume anayeota kuvuka jangwa.

Kisha tamaa ya ukubwa ikaingia. Husqvarna ikanunuliwa 2013, GasGas ikafuata 2019, na pikipiki za vumbi za majina yote matatu zikawa zinatoka kwenye injini na fremu za ukoo mmoja, rangi na baadhi ya vifaa vikitofautiana. Kampuni ikajitosa kwenye baiskeli za umeme. Novemba 2022 ikanunua robo ya MV Agusta, baadaye ikachukua zaidi ya nusu. Wakati wa korona watu wa Ulaya na Marekani walinunua pikipiki na baiskeli kwa wingi usio wa kawaida, na wakubwa wa Mattighofen wakadhani ndiyo hali mpya ya dunia. Mwaka 2023 kundi zima lilitangaza rekodi ya pikipiki zaidi ya 380,000.

Rekodi hiyo inahitaji kusomwa kwa uangalifu, kwa sababu ndani yake ndimo ugonjwa ulipojificha. Kiwandani pikipiki huhesabiwa imeuzwa inapopelekwa kwa wakala, hata kama hakuna mtu aliyeipanda. Riba zilipopanda na wanunuzi wakapungua, viwanda viliendelea kutoa na mawakala wakaendelea kupokea mpaka nafasi ikaisha. Kufikia mwisho wa 2024 maghala yalikuwa yamejaa pikipiki ambazo hazijapata mwenyewe, fedha zilikuwa zimegandia humo, na benki zilikuwa zinadai. Mapato ya mwaka huo yalishuka chini ya euro bilioni 2, kutoka zaidi ya bilioni 2.6. Desemba mitambo ya Mattighofen ikazimwa. Ikawashwa Machi 2025, ikazimwa tena kabla ya Mei kwa kukosa vipuri, ikarudi mwishoni mwa Julai. Mamia ya wafanyakazi walipoteza ajira.

Wanaolia kwamba Wahindi wataiharibu KTM wanapaswa kuutazama mfuatano huo kwa haki. Kila uamuzi ulioizamisha ulifanywa Austria.

Tena Bajaj si mgeni aliyebisha hodi jana. Ilinunua asilimia 14.5 ya hisa mwaka 2007 na kuziongeza hatua kwa hatua. Mwaka 2011 kiwanda chake cha Chakan, nje kidogo ya Pune, kilianza kutoa Duke 125 ya kuuzwa Ulaya, ikafuata Duke 200, kisha 2013 Duke 390. Mapema 2023 Chakan ilisherehekea KTM yake ya milioni moja. Kijana wa Munich au Milan aliyejifunza kuendesha kwa Duke ndogo alijifunza kwa pikipiki ya India, na wengi wao hawakujali. Malalamiko makali zaidi ya ubora katika miaka ya karibuni, yale ya kamshafti kuchakaa mapema kwenye injini za 790 na 890, yalihusu injini iliyosanifiwa Mattighofen. Sisemi kwamba Chakan haikosei. Nasema hofu ya kuishusha hadhi KTM kwa sababu ya mahali inapounganishwa imechelewa kwa zaidi ya miaka kumi.

Mtu wa kumsoma kwa makini, basi, ni Rajiv Bajaj, anayeiongoza Bajaj Auto tangu 2005. Tendo lake linalomweleza vizuri zaidi lilitokea 2009, alipoamua kuacha kabisa kutengeneza skuta. Skuta ya Chetak ndiyo iliyolijenga jina la familia. Kizazi kizima cha Wahindi kilikulia juu yake. Baba yake, Rahul Bajaj, alisema hadharani kwamba uamuzi huo haukumfurahisha. Mwana hakurudi nyuma. Aliona nguvu za kampuni ziwekwe kwenye pikipiki na kwenye soko la nje, na ni uamuzi wa namna hiyo uliosukuma Boxer mpaka vijijini kwetu. Miaka kumi baadaye Chetak ilirudi, safari hii ikiwa ya umeme. Mwenye Husqvarna ya barabarani, au mpenzi wa GasGas, ana sababu ya kuikumbuka hadithi hiyo kuliko mwenye KTM. Bwana mkubwa huyu haoni aibu kuua jina zuri likisambaza nguvu ovyo, na anaweza kulifufua likipata kazi mpya.

Kilichokatwa mpaka sasa kinaelekea hukohuko. MV Agusta imerudi mikononi mwa familia ya Sardarov. Biashara ya baiskeli imeachwa. Neumeister amezungumzia kupunguza utitiri wa aina za pikipiki na kusubiri maghala ya mawakala yapungue kabla ya kukimbiza idadi. Hizo ni hatua za mtu anayetaka kampuni ndogo kuliko ile ya 2023, na mimi naziamini zaidi kuliko pikipiki zozote zilizoonyeshwa kwenye jukwaa la maonyesho ya Milan.

Twende kwenye injini zenyewe, kwa kuwa hapo ndipo ubashiri unaweza kushikika.

Iliyo salama kuliko zote ni ile ya silinda moja ya cc 399, inayobeba Duke 390, Adventure 390 na, tangu 2025, Enduro R yenye miguu mirefu. Inatengenezwa India kwa gharama ya India na inauzwa duniani kote kwa jina la Austria. Bajaj haina sababu ya kuigusa isipokuwa kuizalia ndugu wengine. Tayari imefanya kazi inayofanana na hiyo na mshirika wake Mwingereza: makubaliano na Triumph ya 2020 yalizaa Speed 400 na Scrambler 400 X mwaka 2023, zikisanifiwa na Triumph na kutengenezwa Chakan. Mtu akiniambia katika miaka mitano ijayo tutaona KTM nyingi za kati ya cc 300 na 500, sitabishana naye.

Pikipiki za vumbi za mashindano, zile za 300 EXC na 450, nazo naziona imara, ingawa kwa sababu nyingine. Zinauzwa ghali na wateja wake hubadilisha kila baada ya misimu michache. Wapinzani wanaozikaribia ni wachache. Hizo ni moyo wa Mattighofen, na kuzihamishia kwingine kungekuwa kuvunja kitu kinacholipa. Swali lililobaki ni kama soko linahitaji pikipiki ileile katika rangi tatu. Jibu langu ni hapana, na sioni Rajiv Bajaj akijibu tofauti.

Penye giza ni katikati. Injini ya silinda mbili ya 790 inatengenezwa Hangzhou na CFMoto ya China, ambayo kwa jina lake yenyewe huuza 800MT yenye injini ya ukoo huohuo. Chini ya Pierer, CFMoto alikuwa mshirika. Chini ya Bajaj, ni mshindani anayejua siri za nyumbani na anayeuza kwa bei ya chini. Sioni mpango huo ukidumu kama ulivyo. Ama injini hiyo ihamie Chakan, ama iachwe na 890 na 990 zibebe ngazi hiyo peke yake. Anayefikiria kununua 790 leo afanye hesabu ya vipuri vya miaka kumi ijayo, asiangalie bei ya siku hiyo tu.

Zile kubwa za 1390, zenye silinda mbili zilizokaa kwa umbo la V, zitaishi zaidi ya wanavyodhani wanaozililia, kwa kuwa gharama ya kuzisanifu imeshalipwa na kiwanda kina hamu ya faida inayotokana na pikipiki moja ghali. Mrithi wao ndiye ninayemtilia shaka. Injini kubwa mpya kwa ajili ya soko linalozeeka la Ulaya na Marekani ni gharama ambayo kampuni iliyotoka mahakamani haiwezi kuibeba kwa moyo mweupe.

Kuhusu mashindano, wenye wasiwasi walipata faraja mapema. Januari 2025, kampuni ikiwa chini ya uangalizi wa mahakama, Daniel Sanders wa Australia aliishindia Dakar. Timu ya MotoGP nayo iliendelea, ikiwa na Brad Binder, yule kijana wa Afrika Kusini aliyeipa KTM ushindi wake wa kwanza wa daraja hilo Brno mwaka 2020. Dakar naiona haiguswi. Ni rahisi ukilinganisha na faida yake, na bila hiyo jina la Adventure linabaki maandishi ya tangi. MotoGP ni mzigo mzito, na mnunuzi wa enduro hainunui kwa sababu ya MotoGP.

Mifano ya majina mengine yaliyonunuliwa inasaidia kupima haya. Eicher ya India iliichukua Royal Enfield miaka ya 1990, ikakaza injini chache na maumbo mengi, kisha ikafungua kituo cha usanifu Leicestershire, Uingereza. Silinda mbili za cc 650 zilizotoka 2018 ni zao la mpango huo. Audi iliinunua Ducati 2012, na wenye Ducati waliogopa Wajerumani wataiondolea moto; badala yake ikaja Panigale V4, na mataji ya MotoGP kuanzia 2022. Norton imechukua njia ngumu zaidi: TVS imejenga kiwanda kipya Solihull na kungoja zaidi ya miaka mitano kabla ya kuonyesha kundi la pikipiki mpya Novemba 2025. Katika zote tatu mmiliki mpya aliwalinda au aliwajenga wasanifu, hata pale utengenezaji ulipokuwa mbali. Kuwapoteza hao ndilo jambo la kuhofia Mattighofen kuliko kitu kingine chochote. Mstari wa kuunganisha pikipiki unaweza kuhamishwa na kurudishwa. Kundi la wahandisi wanaojua kwa nini fremu ya enduro inapinda kidogo mahali fulani na kukaza pengine, likishasambaa, haliajiriwi upya kwa tangazo la gazeti. Baadhi ya waliopunguzwa tangu 2024 walikuwa watu wa namna hiyo, na kila duru mpya ya kupunguza gharama inawagusa tena.

Kwa mpanda pikipiki wa Nairobi, Arusha au Kigali, mambo mawili yana uzito kuliko majina ya wakurugenzi. La kwanza ni spea. Bajaj ina njia ya meli, maghala na mawakala wa Boxer katika nchi zetu tayari, na spea za injini ya 390 zinatoka India vilevile. Hata hivyo wakala aliyezoea kuuza cheni, sproketi na sahani za klachi kwa bodaboda hana sababu ya kuweka rafuni mfumo wa breki wa Adventure R mpaka kampuni imbane au imsaidie kwa mkopo. La pili ni bei ya kuuza mkononi. KTM iliyotumika ilishuka thamani Ulaya katika miezi ya ufilisi kwa sababu hakuna aliyejua kama kutakuwa na dhamana. Hofu hiyo huvuka bahari upesi kuliko pikipiki zenyewe, na fundi wa Dar es Salaam anayeulizwa kama inafaa kununua 890 iliyotumika ataendelea kutaja kamshafti kabla hajataja Bajaj, mpaka alione sanduku la spea hizo limefika kwa wakala wa mjini kwake.